Siki Isiyoiva

Katika mgahawa wake hapakuwa na vikombe viwili vilivyofanana, ndiyo maana mwenyewe akaitwa Mama Vikombe, hata na watu waliolijua jina lake la kuzaliwa. Kimoja alikinunua mnadani, kingine alipewa na mteja aliyehama, kingine kishikio chake kilikuwa kimeunganishwa kwa gundi ya viatu. Alikuwa mjane mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kumwita muuza mkate kutoka ng'ambo ya barabara bila msaada wa simu. Chai, kahawa, mayai ya kukaanga na keki ya ndizi ndivyo vilivyomlisha yeye na mwanawe wa pekee, mpaka mwanawe huyo akawa fundi wa majokofu, akaenda kufanya kazi nchi ya mbali, akarudi na begi la vifaa na mke.

Mke alikuwa Mfilipino, mfupi, mwenye kicheko kinachoanza kabla mzaha haujaisha. Mama mkwe na mkaza mwana katika jiko moja! Majirani wakakaa mkao wa kula, wakisubiri kelele. Walisubiri sana. Badala ya kelele ikatoka harufu.

Ilikuwa Jumamosi, na msichana huyo aliomba apewe jiko. Akatia kuku kwenye sufuria pamoja na siki, sosi ya soya, pilipili manga nzimanzima na vitunguu saumu vya kutisha, akaviacha viive polepole mpaka mchuzi ukawa mweusi unaong'aa. Kwao huitwa adobo. Fundi Cherehani wa mlango wa pili, ambaye alikuwa amekuja kunywa chai tu, akala sahani mbili juu ya wali, akalegeza mkanda, akatangaza kwamba miaka yote hiyo alikuwa anajaza tumbo, kumbe hajawahi kula. Jumamosi iliyofuata akaja na mashemeji zake. Baada ya hapo ikawa kila Jumamosi, na adobo ikapata wenzake: supu chachu ya ukwaju, tambi za mboga, na ndizi zilizoviringishwa ndani ya unga mwembamba zikakaangwa na sukari mpaka zikawa zinalia chini ya meno.

Siku hizo Mama Vikombe naye alikuwa na kazi yake maalumu. Mkaza mwana alimtolea benchi nje ya mlango wa jikoni, akamwekea mapajani bakuli la vitunguu saumu.

"Nimenyee hivi, Mama. Hakuna anayemenya kama wewe."

Na Mama Vikombe, ambaye sifa zilikuwa zikimwingia upesi kuliko uji, alimenya kwa fahari. Alimenya mpaka vidole vikanata. Vilikuwa vingi mno. Jokofu lilijaa chupa za vitunguu saumu vilivyomenywa, zimepangwa nyuma ya maziwa, nyuma ya mayai, hata kwenye mlango. Alijiambia moyoni kwamba watu wa kule lazima wanapenda kitunguu saumu kuliko pumzi zao, akaendelea kumenya.

Jumamosi zikawa miaka, kisha msichana akapata mimba, na furaha ikapanda mpaka juu ya bati. Haikukaa huko muda mrefu. Daktari alimpima, akakunja uso, akasema mama mtarajiwa alale kitandani mpaka siku yake ifike. Asibebe kitu, asisimame jikoni, na ngazi asizione hata kwa ndoto. Chumba cha mume na mke kilikuwa ghorofani, juu ya jiko kabisa. Basi akalazwa huko kwenye mito mitatu, na sufuria ya Jumamosi ikaning'inizwa msumarini.

Mama Vikombe alimpikia kwa moyo wake wote. Alipeleka mayai, akapeleka mkate wa maziwa, akapeleka keki ya ndizi iliyokatwa vipande vidogo kama vya kumdanganyia mtoto. Msichana alishukuru, akala matonge machache, akasukuma sahani. Mashavu yakaanza kuingia ndani.

Asubuhi moja Mama Vikombe alikuwa jikoni anafuta vikombe. Dari lile lilikuwa la mbao, na mbao hazijui kutunza siri. Akamsikia mkaza mwana juu akimwambia mumewe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza, "Nikijifungua nataka kwenda kwetu. Kukaa huko. Nimechoka kuota chakula."

Mama Vikombe alisubiri mwanawe ajibu, kitambaa kimesimama ndani ya kikombe, lakini alichosikia ni mito ikipangwa upya.

Aliogopa. Aliogopa kumkosa mjukuu, hilo halina ubishi, bibi gani asingeogopa? Lakini alipokaa kwenye kigoda na kujiuliza vizuri, aliona kwamba aliogopa zaidi kumkosa yule msichana mwenyewe, na kicheko chake, na namna alivyokuwa akisema "Mama" kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Binti hakumzaa. Alikuwa amempata ukubwani, bure, kwa ndege, na sasa angeondoka kwa ndege hiyohiyo.

Kabla ya chai ya saa nne kulikuwa na ubao nje ya mgahawa, umeandikwa kwa chaki: ANATAFUTWA MPISHI ANAYEJUA CHAKULA CHA KIFILIPINO. AJE NA MIKONO YAKE.

"Kuna wanaoiacha nyumbani?" akauliza Fundi Cherehani.

"Wapo wanaokuja na mdomo tu," akajibu Mama Vikombe. "Kunywa chai yako."

Utaratibu aliupanga mwenyewe. Anayetaka kazi atapika adobo hapohapo jikoni. Sahani moja itapandishwa ghorofani na mwanawe. Mkaza mwana ataonja, kisha atagonga sakafu kwa mpini wa fagio: mara moja ni hapana, mara mbili ni ndiyo. Msichana aliposikia habari hiyo alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akaomba fagio liletwe mapema alizoee.

Wa kwanza kuja alikuwa Mpishi wa Hoteli, bwana mwenye kofia nyeupe ndefu iliyokuwa ikigusana na taa ya jikoni kila alipogeuka. Alisema amepika kwenye hoteli za nyota ambazo hata mbinguni hazijajaa. Lakini kisu alikijua, hilo Mama Vikombe alilikubali. Alimkata kuku vipande safi, akamtia siki na viungo, akawasha moto, kisha akatoka uani kupokea simu, maana watu wa aina yake hawakosi simu.

Sufuria ikabaki peke yake.

Hapa lazima jambo moja lisemwe. Mama Vikombe alilelewa na mama aliyeamini kwamba nyumba hujulikana kwa sufuria zake. Sufuria iliyoachwa wazi ni aibu, na sufuria isiyokorogwa ni mtoto aliyeachwa barabarani. Kwa imani hiyo alikuwa amechapwa, amefundwa, ameolewa, na amezeeka. Basi alipopita kuchukua sukari na kuona ile ya watu imeachwa wazi, haina mwangalizi, mkono ulikwenda wenyewe. Akachukua mwiko, akakoroga kidogo, akafunika, akaenda zake na sukari yake. Hakufikiria lolote. Ungemwuliza baada ya dakika tano, angeapa kwamba jikoni hakuingia.

Mpishi wa Hoteli alirudi, akakuta kifuniko, akadhani amefunika mwenyewe. Sahani ikapanda. Mgahawa mzima ukainua macho darini.

Pigo moja.

Mwanawe akashuka ngazi akijikuna kisogo. "Anasema siki ni mbichi, Mama. Inapanda puani."

"Mbichi?" Mpishi wa Hoteli akaivua kofia. "Siki ni siki! Inaivaje siki?"

"Basi ndiyo hiyo," akasema Mama Vikombe kwa huruma. "Hujui." Akampa kipande cha keki ya ndizi, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Wa pili alikuwa Binti wa Simu. Mapishi yote aliyajua kutoka kwenye simu yake, ambayo aliiegemeza kwenye chupa ya chumvi, na kila hatua aliuliza simu kwanza ndipo akaigusa nyama. Alikuwa binti mtamu. Simu ilipomwambia aache sufuria ichemke, aliiacha, akaenda mbele kupiga picha vile vikombe visivyofanana. Mama Vikombe alimwonea huruma. Mtoto wa watu, akajisemea, hata kufunika hajafundishwa. Akakoroga, akafunika.

Pigo moja. Siki mbichi.

"Hii siki ina matatizo," Mama Vikombe akaamua. Akaimwaga yote, akaenda kununua nyingine duka la mbali, akainusa, akaionja, akakohoa mpaka machozi, akarudi ameridhika.

Siku mbili zilipita bila mtu. Ghorofani msichana alikuwa ameacha hata keki. Mama Vikombe alipanda kumchana nywele, na alipokuwa akimchana alihisi mifupa ya mabega chini ya kanga, akafanya haraka kumaliza ili ashuke akalie kwenye kitambaa cha vikombe.

Kesho yake akaingia mwanamke wa makamo, mdogo wa umbo, amevaa viatu vya raba na sweta lililofungwa vifungo vyote. Alisimama mbele ya ubao akausoma wote, kisha akaingia na kusema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mikono hii hapa."

Alikuwa Mfilipino. Alikuwa amefanya kazi ya yaya katika nyumba za watu kwa miaka mingi, na watoto aliowalea sasa walikuwa na ndevu, na kazi hakuna. Neno yaya, alisema, hata kwao ni hilohilo, kwa hiyo wamwite hivyo tu, ameshalizoea kila upande wa dunia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mama Vikombe nusura ambusu. Alimpa aproni safi, akamwonyesha jiko, akampa chupa za vitunguu saumu, na Yaya alipoziona chupa zile jokofuni zimejipanga kama askari aliguna, akachukua moja. Alifanya kazi bila papara. Kuku, siki, soya, pilipili manga, majani makavu yenye harufu yaliyotoka kwenye mfuko wa sweta lake. Moto mdogo. Kisha kutoka juu ya dari sauti ikaita kwa lugha ambayo jiko lile lilikuwa halijaisikia kwa muda mrefu. Ilimwita dada mkubwa.

Yaya alitazama sufuria, akatazama ngazi. Moyo si jiwe. Akapanda.

Mama Vikombe akabaki chini akisikiliza sauti mbili za kike zikipishana juu ya kichwa chake, haelewi hata neno, anafuta machozi kwa furaha. Walikuwa wanacheka huko! Sufuria nayo ilikuwa inachemka, wazi, peke yake. Angefanya nini, jamani? Aliikoroga kwa mapenzi yote, akaifunika vizuri, akakibonyeza kifuniko ili hata tone la harufu hiyo nzuri lisipotee.

Sahani ilipopanda, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Fundi Cherehani alikuwa ameshaagiza yake.

Mpini wa fagio ulichelewa. Ulichelewa mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha ukagonga, polepole, mara moja.

Yaya alipanda ngazi kwa hasira akaonja mwenyewe. Aliposhuka uso ulikuwa umebadilika. "Ni mbichi," akasema. "Kweli ni mbichi. Lakini siki yangu haijawahi kuwa mbichi tangu nilipoweza kufika mezani." Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kaunta, akaondoka na sweta lake bila kukubali hata chai.

Ndipo Mama Vikombe alipokata tamaa. Kama mwenyeji wa chakula chenyewe ameshindwa, angeweza nani? Aliingia kwenye stoo ya magunia, akajifungia, akalia kwa sauti ya chini, maana sauti yake ya juu ilikuwa ya kumwitia muuza mkate. Alijiona amebaki na vikombe vyake tu, mia moja na kidogo, na hakuna wa kunywa navyo.

Lakini Yaya alikuwa na kiburi kizuri. Asubuhi, vikombe havijakauka, mlango ukafunguliwa, akaingia na kuku wake mwenyewe, siki yake mwenyewe, na kigoda chake mwenyewe chini ya kwapa.

"Karibu, dada," akasema Mama Vikombe, amepigwa na butwaa. "Umerudi kwa ajili ya kazi?"

"Sikuja kutafuta kazi. Nimekuja kutafuta jina langu. Limepotelea humu ndani."

Akapika. Safari hii hakupanda kumsalimu mtu. Aliweka kigoda mbele ya jiko, akakaa, akakunja mikono, akaitazama sufuria kama mtu anayemlinda mgonjwa. Mama Vikombe akapita kuchukua sukari. Akapita tena kurudisha sukari. Akapita kutafuta kijiko alichokuwa nacho mkononi. Kila alipopita shingo yake ilirefuka kuelekea sufuria, na kila ilipokuwa ndefu Yaya alikohoa.

Mwishowe Yaya akainuka. "Naenda uani kumwaga maganda," akasema, akatoka na maganda yake. Hakufika uani. Alisimama nje ya dirisha la jikoni, kando ya benchi, akachungulia kwa jicho moja.

Mama Vikombe aliingia, akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuwa anaiba, alikuwa anatazama kama kuna mtu wa kumwambia kwamba sufuria imeachwa. Hakumwona mtu. Akachukua mwiko. Mwiko ulikuwa haujagusa mchuzi bado pale kitambaa kilipotua juu ya mkono wake, paa!

"Kumbe ni wewe!" Yaya alikuwa ameingia nusu kwa mlango na nusu kwa kuruka. "Mwizi wa jina langu ndiwe!"

"Mimi?" Mama Vikombe akaangalia mwiko mkononi mwake kana kwamba umewekwa na mtu mwingine. "Nimefanya nini? Nakusaidia!"

"Jana ulinisaidia?"

"Kidogo tu..."

"Ukafunika?"

"Sasa ningeiacha wazi? Sufuria uchi kama haina kwao? Dada yangu, mimi nimelelewa!"

"Na yule wa hoteli? Na yule binti?"

Mama Vikombe akaurudisha mwiko mezani. Mbele ya macho yake zilipita sufuria zote, moja baada ya nyingine, na juu ya kila moja aliuona mkono wake.

Fundi Cherehani, aliyekuwa amefuata kelele mpaka mlangoni na sindano bado mdomoni, aliitoa sindano ili aseme vizuri. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na mimi nguo nazijua."

"Toka hapa!" Mama Vikombe akamfukuza, lakini alikuwa ameanza kucheka, akicheka na kulia pamoja, ameshika tumbo. "Jamani mimi! Nimefukuza wapishi wa watu! Yule bwana wa kofia, nimempa keki kwa kosa langu!"

Yaya alijitahidi kubaki na hasira. Mdomo wake ulipinda upande mmoja, kisha wa pili, kisha akashindwa, akakaa kwenye kigoda akacheka mpaka sweta likafunguka kifungo. Alipopata pumzi alieleza, akionyesha kwa kidole: siki ikishaingia, hakuna kukoroga, hakuna kufunika, hakuna hata kuitazama kwa ubaya, mpaka ichemke na ukali wake utoke. "Ukali unataka mlango. Ukiufungia, utakaa humohumo."

"Na ni nani atakayekaa bila kukoroga muda wote huo?"

"Mtu mvumilivu. Kwa hiyo wewe, nje."

Nje! Katika jiko lake mwenyewe, ambamo hata marehemu mumewe alikuwa akibisha hodi! Fundi Cherehani akashika kichwa akisubiri dunia iishe. Lakini Mama Vikombe, labda kwa sababu ya kicheko kile, alitoka, akakaa kwenye benchi. Mikono ilimwasha. Aliiweka mapajani, akaikalia, akaitoa. Alikuwa karibu kuinuka pale Yaya alipotokea mlangoni na kumwekea kitu mapajani.

Bakuli la vitunguu saumu.

"Menya hivi," akasema Yaya. "Usimame ukimaliza vyote."

"Lakini mle jokofuni kuna chupa tele za..." Mama Vikombe akaanza.

Alitazama bakuli. Alitazama benchi alilokalia, ambalo alikuwa amelikalia kila Jumamosi, hatua chache kutoka jikoni, mahali ambapo mtu anasikia sufuria lakini haifikii. Akakumbuka zile chupa nyuma ya maziwa, nyuma ya mayai, mlangoni mwa jokofu. *Hakuna anayemenya kama wewe, Mama.* Akakishika kitunguu kimoja, akakigeuzageuza, na uso wake ukapata moto mpaka masikioni.

Alikuwa hajamenya hata kimoja wakati sahani ilipopandishwa. Aliisikia ngazi ikilia chini ya miguu ya mwanawe. Yaya alisimama katikati ya jiko, mikono nyuma, kidevu juu.

Pigo moja.

Mama Vikombe akafumba macho.

Pigo la pili. Halafu la tatu, la nne, kisha mpini ukaacha kuhesabika, ukawa unapiga ngoma ya harusi, vumbi linashuka kutoka kwenye mbao za dari na kuingia kwenye chai za watu, na Fundi Cherehani anapiga makofi, na mwanawe juu anapaza sauti, "Basi, mke wangu, sakafu itatoboka!" Yaya alikuwa amefunika uso kwa aproni.

Mama Vikombe alipanda ngazi bila kuziona. Mkaza mwana alikuwa ameketi kwenye mito yake mitatu, sahani kifuani, anakula kwa mkono, mchuzi kidevuni, macho yamewaka. Mume alitazama uso wa mama yake, akakumbuka ghafla kwamba ana jokofu la kutengeneza mahali fulani, akashuka.

"Miaka yote hiyo?" akauliza Mama Vikombe.

Msichana alimeza. Alijua anaulizwa nini, maana dari lilikuwa la mbao kwa wa juu pia. "Miaka yote, Mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mama mkwe wangu. Mama mkwe haambiwi atoke jikoni." Kicheko kilikuwa kimeanza tayari. "Mama mkwe anapewa vitunguu saumu."

"Na hawa wapishi? Ulijua?"

"Wa pili alipokuja na siki ileile mbichi, nikajua. Lakini ningegonga mara mbili, wateja wangekula siki mbichi kila Jumamosi na wewe ungeendelea kukoroga. Wapishi wapo, Mama. Mimi nilikuwa nangoja atakayekuweza wewe."

Mama Vikombe akakaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kuudhika, akatafuta pa kuanzia, hakupaona. Miaka yote hiyo mtoto huyu alikuwa amempa heshima yake ikiwa imemenywa safi, chupa baada ya chupa, asijue. Akamfuta mchuzi kidevuni kwa ncha ya kanga.

"Nilikusikia siku ile," akasema, na sauti kubwa ilikuwa imemwishia. "Ulisema unataka kwenda kwenu. Kukaa."

Msichana aliacha kucheka. "Nilisema, Mama. Sikutania."

"Na sasa?"

Msichana aliitazama sahani. Hapakuwa na kitu isipokuwa mifupa na jani moja kavu. Akaweka mkono juu ya tumbo lake, akafikiri kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu la mwingine aliyemo humo ndani.

"Siku ile nilikuwa na njaa," akasema. "Kuwasalimia nitakwenda, na mtoto, na wewe utakuja umwone mama yangu. Halafu tutarudi nyumbani." Akamnyooshea sahani. "Niongezee. Wali mwingi."

Mama Vikombe aliipokea kwa mikono miwili. Alishuka ngazi polepole, akiikumbatia sahani chafu kifuani, wala hakujali kanga. Chini mgahawa ulikuwa umejaa, mashemeji wa Fundi Cherehani wameshaitwa kwa simu, na Yaya alikuwa ameweka sufuria ya pili motoni. Siki yake ilikuwa imeanza kuchemka, wazi, haikufunikwa, mwiko umelala kando yake.

Alifika kizingitini mwa jiko lake. Sufuria ilikuwa karibu, angenyoosha mkono angeigusa. Yaya aligeuka, kitambaa begani, akamtazama.

Mama Vikombe alisimama palepale, akanyoosha sahani kutoka nje.

"Hodi," akasema. "Mwanangu anaomba nyingine."